Mlima Karthala na Maji ya Ngazija



Leo tuzungumze habari za mlima mmoja ulioko kisiwani Ngazija, nchi ya Komoro. Wangazija wengi wenu mnawajua. Wapo Unguja na Dar es Salaam tangu zamani. Mlima wao unaitwa Karthala, nao ni volkano. Urefu wake ni meta 2,361 kutoka usawa wa bahari.

Tukisikia volkano tunafikiria mlima uliochongoka. Karthala siyo hivyo. Umelala, mfano wa ngao iliyowekwa chini, mgongo juu. Kwa nini? Mawe yaliyoyeyuka ardhini, yaani lava, hapo hutoka mepesi. Mnajua uji: mzito ukiumwaga unasimama pale pale, mwepesi unakimbia mbali. Basi lava hiyo inatambaa, inapoa, inakuwa jiwe jeusi. Kisha nyingine inakuja juu yake. Ndivyo kisiwa kilivyojengwa kutoka chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka. Kaskazini yake upo mlima mwingine wa namna hiyo, mdogo zaidi, uitwao La Grille, wa meta 1,087.

Sasa sikilizeni ajabu. Mvua inanyesha sana mlimani, lakini Ngazija hakuna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima! Maji yanakwenda wapi? Mawe yale yana matundu na nyufa tele. Ni kama kumwaga maji kwenye chungio. Yanazama chini kabisa mpaka yanakutana na maji ya bahari. Ukichimba kisima pwani, mara nyingi maji yake yana chumvichumvi. Kwa hiyo vijijini watu hukinga mvua kwenye mapaa na kuiweka katika matangi ya saruji.

Haya. Mlima huu bado uko hai. Mwaka 1903 hewa yake ya sumu iliua watu 17. Mwaka 1977 lava iliteketeza nyumba za kijiji cha Singani. Lakini mwaka 2005 shida haikuwa lava. Mwezi wa Aprili, na tena Novemba, mlima ulirusha jivu. Jivu likaanguka juu ya mapaa, likaingia matangini. Lava hufuata njia yake, lakini jivu linapeperushwa na upepo, halichagui kijiji. Fikiri mwenyewe: mto huna, kisima kina chumvi, na tangi limejaa tope la kijivu! Ilibidi watu wapelekewe maji ya kunywa. Maana tangi lililoingia jivu halina dawa ila kulimwaga, kulisugua, na kungojea mvua nyingine.