Migingo tunafanya mikutano, Somalia tulivuka na vifaru. Kwa nini?

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi kwenye mjadala wa vijana hapa Umoja. Mliokosa, nimeyaweka kama uzi. Sheria ni ile ile: hatutaji mwanasiasa wala chama.

Wasee, na wazazi mliofika, asanteni. Kwenye matatu huwa nasikia mabishano yale yale: nani alitupeleka Somalia, nani alituma polisi Haiti? Tunataja jina la mtu, tunagombana mpaka steji, tunashuka. Swali ni la haki, lakini halitoshi, kwa sababu kuna mambo nchi hii hufanya hata Ikulu ikibadilisha mwenyewe. Darasani tunaita utamaduni wa kimkakati. Kwa lugha ya mtaa ni tabia ya nchi: hofu na kumbukumbu zinazoamua mapema ni jirani gani tutaongea naye, na ni yupi tutamwonyesha bunduki.

Chukua Uganda. Mwaka 1976 mtawala wa Kampala alidai kipande kikubwa cha magharibi ya Kenya. Nairobi ikabana mafuta na mizigo inayopita Mombasa. Hakuna jeshi lililovuka Busia. Miaka ya 2000 ikaja Migingo, kisiwa kidogo kuliko uwanja wa mpira. Polisi wa Uganda wakapiga kambi, wakapandisha bendera yao. Sisi? Mikutano. Mwaka 2009 tukatuma wapima mipaka wa pamoja. Halafu mikutano tena. Watu husema ni uoga. Mimi naona ni hesabu: Uganda ni mteja mkubwa wa bidhaa zetu. Oda za Kampala zikikatika, anayeambiwa na kiwanda cha Industrial Area akae nyumbani ni jirani yako wa Kaloleni.

Sasa geukeni upande wa pili. Uhuru tulipata tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi kuisha, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki, kwa sababu watu wengi kule walitaka kujiunga na Somalia. Nyota ya bendera ya Somalia ina pembe tano, na moja ilihesabiwa kuwa ardhi iliyo ndani ya Kenya. Vita vya Shifta vilienda mpaka 1967, lakini sheria za hatari zilibaki kule mpaka 1991. Hofu hiyo ilikuwa na nguvu kuliko itikadi. Mwaka 1979 Addis Ababa ilikuwa ya Kimaksi na Nairobi rafiki wa nchi za Magharibi, na bado tulitia saini mkataba wa urafiki, kwa sababu sote tulimwogopa Mogadishu.

Kwa hivyo Oktoba 2011, watu walipotekwa nyara Lamu na Dadaab, jeshi lilivuka. Operesheni ikaitwa Linda Nchi. Sisemi utekaji ulikuwa jambo dogo. Nasema kosa likitoka upande ule, tunalisoma kwa miwani ya 1963.

Kuna tabia nyingine: hatupendi kukaa nje peke yetu. Mwaka 2012 jeshi likaingia chini ya mwavuli wa Umoja wa Afrika, AMISOM. Zamani tulienda Namibia na Sierra Leone na Umoja wa Mataifa. Haiti ni njia hiyo hiyo, ila safari hii walikuwa polisi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha Oktoba 2023, Mahakama Kuu yetu ikakataa Januari 2024, serikali ikatia saini makubaliano na Haiti, na Juni ndege ikapaa.

Najua mtu ataniambia, "Wewe unatetea wakubwa. Tabia haishiki kalamu." Kweli, haishiki. Ndiyo maana Ibara ya 240 ya Katiba inataka Bunge liidhinishe kabla vikosi kutumwa nje kulinda amani. Mwaka 2011 Bunge lilipiga kura kuhusu AMISOM mwezi Desemba, wiki kadhaa baada ya vifaru kuvuka. Ukishavuka, mbunge gani atasema turudi?

Na tabia hii haikai mpakani. Aprili 2014 ilikuja hapa Eastleigh. Maelfu walikamatwa kwa misako, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Kijana aliyezaliwa Pumwani, akacheza mpira na sisi, anaulizwa kitambulisho kana kwamba 1963 ilikuwa jana. Halafu Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ikavamiwa, na serikali haikutuambia ni wanajeshi wangapi waliokufa. Hao pia ni watoto wa mitaa kama hii. Foleni za kusajiliwa jeshini tunazijua.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza nani alituma, mimi nataka tuulize tunaogopa nini hasa, hofu hiyo ni ya mwaka gani, na Bunge liliulizwa lini.

Haya, maswali. Dada wa pale nyuma, anza wewe.