MNUNUZI HUVUKA MPAKA KWA SABABU GANI?

(Hotuba kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Wilaya za Mbulu na Hanang)



Kila msimu husikika lalamiko lile lile: mnunuzi aliyeahidi kupakia maharage Dongobesh ameonekana Karatu, aliyetazamiwa Katesh amekwenda Singida. Wengi husema ushuru umemkimbiza. Yafaa neno hilo lipimwe kwa hesabu.

Mwaka 2017 Bunge lilirekebisha sheria ya fedha za serikali za mitaa. Ushuru wa mazao, uliofikia asilimia 5, ulishushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Chukua mfano wa tani 10 za maharage kwa bei ya shilingi 2,000 kilo moja. Thamani yake ni shilingi 20,000,000. Kwa asilimia 5 ushuru ungekuwa shilingi 1,000,000. Kwa asilimia 2 ni shilingi 400,000. Sheria hiyo ni moja Mbulu, Hanang, Karatu na Singida. Basi mnunuzi anakimbia nini?

Mara nyingi anakimbia gharama isiyoandikwa katika sheria: lori kulala siku mbili likisubiri mzigo, maharage yaliyochanganyika na mchanga, mizani isiyoaminika, na hati pungufu zinazomkwamisha kizuizini.

Hata makampuni makubwa huhama hivyo. Huko Marekani, ambako kila jimbo lina sheria zake za kodi, kampuni ya ndege ya Boeing ilihamisha makao yake makuu mwaka 2001 kutoka Seattle kwenda Chicago, ikiwa imeahidiwa unafuu wa kodi kwa miaka 20. Mwaka 2022 ikatangaza kuhamia Arlington, karibu na Washington. Unafuu humwita mgeni, lakini haumfungi.

Kwa hiyo chama kinachofuta makato yake ili kumbembeleza mnunuzi hujidhulumu. Mnunuzi ataondoka, na karani, ghala na ukaguzi vitabaki bila fedha.

Hasara kubwa zaidi ni ya mwanachama anayeuza usiku kwa lumbesa ili ushuru ukwepwe. Gunia linalohesabiwa kilo 100 likibeba kilo 120, ushuru uliokwepwa ni sawa na kilo 2, naye ametoa kilo 20 bure. Tena kisheria ushuru ule ni wa mnunuzi, si wake.

Makatibu wana wajibu wa mambo matatu. Kwanza, mazao yachambuliwe na kukusanywa ghalani kabla mnunuzi hajaitwa. Pili, mizani ikaguliwe na kila mwanachama ashuhudie uzito wake. Tatu, stakabadhi na hati za usafirishaji ziwe tayari siku ya kupakia.

Chama hakina uwezo wa kubadili sheria ya ushuru. Mizani, ghala na daftari vimo mikononi mwake, na hivyo ndivyo vitakavyomrudisha mnunuzi msimu ujao.