Anayetaka Kuacha Pombe Aelekee Wapi?

Ndugu msikilizaji, mgeni akishuka kwenye matatu leo katika mtaa wowote wa Nairobi na kuuliza iliko baa, hata mtoto wa shule ya msingi atamwonyesha. Akiuliza wanakokutana watu walioacha pombe, wenyeji watatazamana. Mahali pa namna hiyo papo, ila mlangoni hapana taa za rangi wala muziki, na wanaoingia humo hawapendi kutangazwa.

Novemba 2000 pombe ya sumu iliua watu zaidi ya mia moja katika vitongoji vya Mukuru, hapa Nairobi. Februari 2024 pombe ikaua tena, kule Kangai, Kaunti ya Kirinyaga. Kila mara hufuata msako: mapipa yanapinduliwa, chang'aa inamwagwa mtaroni, machifu wanaonywa. Ni sawa. Lakini mnywaji mwenyewe huachwa pale pale na kiu yake ile ile, na kesho atatafuta kwingine.

Yeye huambiwa neno moja tu: acha. Mkewe anasema acha, mchungaji anasema acha, mkubwa wake kazini anasema acha ama utapewa barua. Neno hilo peke yake lingetosha, walevi wangekwisha zamani. Tena kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Mtu anayekunywa kwa wingi kila siku akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Kwa hiyo aanze kwa daktari, iwe ni hospitali ya kaunti ama Mathari. Asiyejua pa kuanzia apige simu nambari 1192 ya NACADA. Haina malipo.

Lakini daktari humrudisha mgonjwa nyumbani, na njia ya nyumbani hupita mbele ya baa. Hapo ndipo anapohitaji wenzake.

Mwaka 1935 dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na miezi kadhaa bila pombe. Biashara iliyompeleka huko ikaharibika, naye akajikuta hotelini peke yake, baa iko hatua chache tu. Badala ya kuingia, alishika simu akaanza kupigia makanisa, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Mwishowe akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kumsikiliza kwa dakika kumi na tano tu. Walizungumza kwa saa kadhaa. Hao wawili ndio walioanzisha Alcoholics Anonymous, yaani AA, ambayo leo ina vikundi duniani kote, na hapa Nairobi vimo.

Msikilizaji, utaratibu wao si wa ajabu. Watu huketi, mmoja husimulia yaliyompata, wengine husikiliza. Hutajwa jina la kwanza tu. Hakuna ada, kikapu kikipita, mwenye chochote hutia, asiye nacho hupitisha. Sharti ni moja: nia ya kuacha kunywa. Mara nyingine hukutana katika ukumbi wa kanisa, lakini kikundi si cha kanisa, na Mwislamu anakaribishwa sawa na Mkristo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 27, ulionyesha kwamba katika kumfanya mtu aache pombe kabisa, njia hii haipitwi na matibabu mengine, na mara nyingine huyashinda.

Anayetafuta kikundi amuulize muuguzi ama mshauri wa hospitali mambo matatu: siku na saa, lugha inayotumika, na kama mkutano uko wazi kwa jamaa. Siku ya kwanza asihukumu. Aende mara kadhaa, na kikundi kimoja kisipomfaa ajaribu kingine. Akikutana na mtu anayedai ada ya kujiunga ama kuuza dawa, ajue hapo sipo. Jamaa za walevi nao wana vikundi vyao, Al-Anon, vilivyoanza mwaka 1951. Mke aliyechoka anaweza kwenda hata kama mume hajakubali kuacha.

Sasa nasema na wakubwa wa afya katika kaunti. Siri ya vikundi hivi ni ya majina ya watu. Mlango si siri. Kila zahanati ina ubao wa matangazo. Vikundi vyenyewe vikiridhia, kuna ugumu gani kuandika hapo siku, saa na ukumbi? Nanyi wazee wa makanisa na misikiti, chumba kimoja kwa saa moja kwa wiki hakitawafilisi.

Na mtaa usio na kikundi je? Kumbukeni kule Akron walikuwa wawili. Kwa desturi ya AA, wawili ama watatu wakikutana kwa nia ya kuacha pombe, hicho tayari ni kikundi. Pengine huyo wa pili anaishi ploti hiyo hiyo yako, naye anaogopa kusema wa kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa leo ni hayo. Tukutane wiki ijayo, inshallah.