Baada ya Msiba wa Uzembe, Familia Ifanye Nini?

Mei 6, 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walifariki. Rambirambi zilimiminika nchi nzima. Lakini rambirambi si fidia.

Ndugu akifa kwa uzembe wa mtu, kuna njia mbili. Kesi ya jinai huendeshwa na Jamhuri. Mshtakiwa akitozwa faini, fedha inaingia serikalini. Fidia mnaidai wenyewe kwa kesi ya madai. Sheria ya vifo vya namna hii, Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania, inawalinda mke, mume, wazazi na watoto waliomtegemea marehemu.

Anzeni na kikao cha ukoo: mteueni msimamizi wa mirathi, mwandike muhtasari, mwende Mahakama ya Mwanzo akathibitishwe. Chukueni cheti cha kifo na ripoti ya polisi. Kama ni ajali ya gari, nakilini namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Aliyefia kazini, nendeni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mkitaka kuishtaki Serikali, mfano kwa uzembe wa hospitali yake, toeni kwanza notisi ya siku 90.

Mkiletewa karatasi ya “tumemalizana” pamoja na hela ya jeneza, msitie saini kabla ya kupata ushauri. Hamna wakili? Wakazi wa Momela, Ngarenanyuki na Usa River, ulizeni msaada wa kisheria halmashauri, Usa River. Madai yana ukomo wa muda, msichelewe.