Nasaba, Daftari na Maneno: Kufuatilia Mababu katika Parishi ya Uskoti na Mtihani wake kwa Kiswahili

Wanafunzi wa Kiswahili wameizoea nasaba kupitia tarihi za miji ya pwani, ambamo fulani bin fulani hufuatana kwa mpangilio, na msomaji huteremka pamoja nao kutoka kwa mwanzilishi wa mji hadi kwa mtawala wa mwisho. Mhadhara huu unaitazama nasaba ya namna nyingine, ile inayoanza na mtu anayejulikana na kupanda juu, daftari baada ya daftari, mpaka karatasi zinapokwisha. Mfano uliochaguliwa ni parishi mbili jirani za kusini-magharibi mwa Uskoti, Penpont na Morton, pamoja na mji mdogo wa Thornhill, katika bonde la mto Nith, eneo la Dumfries.

Uteuzi huo una sababu. Penpont ndiko alikozaliwa mwaka 1858 Joseph Thomson, mtoto wa mwashi wa mawe. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, Thomson alijikuta akiongoza msafara ulioanzia Dar es Salaam kuelekea maziwa makuu, baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho. Mnyapara wa msafara ule alikuwa James Chuma, yuleyule ambaye pamoja na Abdullah Susi na wenzao waliufikisha pwani mwili wa David Livingstone mwaka 1874. Watu hawa wawili walitembea njia moja, wakala chakula kimoja. Lakini anayetaka kuwatafutia mababu zao leo atakuta kwamba mmoja ameachiwa rafu nzima za madaftari na mwingine hakuachiwa madaftari ya namna hiyo. Suala hilo litarejewa baadaye. Kwanza yafaa kueleza jinsi madaftari yenyewe yanavyofanya kazi, maana wengi husikia habari zake bila kuyajua.

Neno la kwanza lenye utata ni parishi lenyewe. Msomaji wa Kikatoliki angetarajia parokia, Mlutheri usharika, Mwanglikana wa Tanzania mtaa. Hakuna kati ya maneno hayo linalotosha kikamilifu, kwa kuwa parishi ya Uskoti ilikuwa kanisa na serikali ya mtaa kwa pamoja: iliendesha shule, iliwalisha maskini, na kupitia baraza la wazee wa kanisa iliwahukumu waumini kwa makosa ya uzinzi, ulevi na kufanya kazi siku ya Jumapili. Wasomaji wa Kenya waliolelewa katika kanisa la Kipresbiteri, lililotokana na misheni ya Waskoti iliyoanzia Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898, watalitambua baraza hilo mara moja. (Jina la Thogoto, mahali misheni ile ilipokaa, si kingine bali neno Skoti lililopita katika kinywa cha Mgikuyu.) Katika mhadhara huu neno parishi limebakizwa, kwa hoja kwamba ni afadhali neno geni kidogo kuliko neno la nyumbani linalopotosha.

Tarehe ya msingi katika utafiti wote ni tarehe 1 Januari 1855. Kuanzia siku hiyo, sheria iliyopitishwa mwaka 1854 ililazimisha kila kizazi, ndoa na kifo kiandikishwe na mwandikishaji wa serikali. Mwaka ule wa kwanza watunga sheria walikuwa na tamaa kubwa ya habari: cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1855 kinataja umri wa wazazi, mahali walipozaliwa, walipofunga ndoa na lini, na idadi ya watoto wao wengine, walio hai na waliokufa. Kazi ikawaelemea waandikishaji, na mwaka 1856 sehemu kubwa ya maswali hayo ikafutwa. Tarehe ya ndoa ya wazazi ilirudishwa katika vyeti vya kuzaliwa mwaka 1861. Anayemfuatilia Thomson anakutana na bahati mbaya hapa, kwani mwaka 1858 unaangukia katikati ya pengo hilo. Cheti chake kinaweza kumpa mtafiti majina ya wazazi, lakini ndoa yao itabidi itafutwe kwingine.

Huko kwingine ni katika daftari za kanisa, zile zilizotangulia mwaka 1855. Daftari ya zamani kuliko zote zilizobaki ni ya parishi ya Errol, Perthshire, inayoanza mwaka 1553. Parishi nyingi zinaanza karne moja au mbili baadaye. Daftari hizi zilirekodi ubatizo badala ya kuzaliwa, tangazo la ndoa badala ya ndoa yenyewe, na mara nyingi badala ya mazishi ziliandika malipo ya kukodi kitambaa cha kufunikia jeneza. Hilo la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini. Mtafiti anayeona jina la mtu na senti chache dhidi yake katika hesabu za kanisa anaweza kudhani ni deni, kumbe ndiyo habari pekee ya kifo chake iliyosalia. Maskini ambaye jamaa zake hawakukodi kitambaa hana hata hiyo.

Kulikuwa na sababu nyingine za ukimya. Kati ya mwaka 1783 na 1794 serikali ilitoza kodi ya peni tatu kwa kila jina lililoandikwa, na wazazi wengi wakaona heri mtoto abatizwe bila kuandikwa. Tena, daftari zilikuwa za kanisa rasmi, na Uskoti ilikuwa nchi ya mifarakano ya kidini: baadhi ya waumini walijitenga mwaka 1733, na mwaka 1843 kanisa likapasuka vipande viwili vikubwa. Bonde la Nith lilikuwa ngome ya Waagano, Wapresbiteri waliokataa katika karne ya 17 mfalme kuwatawala katika mambo ya ibada, na moyo huo wa kukataa haukufa upesi. Kwa hiyo familia inayotoweka katika daftari huenda haikuhama hata hatua moja. Huenda ilibadili tu mlango iliouingia Jumapili.

Mji nao una mtego wake. Aliyesikia kwa bibi yake kwamba ukoo ulitoka Thornhill hataikuta daftari ya Thornhill, kwa kuwa mji huo umo ndani ya parishi ya Morton, na daftari hufuata parishi. Aidha, kuna Thornhill nyingine karibu na Stirling, mbali kabisa na hii. Hesabu za watu husaidia kutatua tatizo hilo, lakini ile ya mwaka 1841 ilipunguza umri wa watu wazima hadi kigawe cha tano kilicho chini yake na ikauliza tu kama mtu amezaliwa katika jimbo lile au la. Ni kuanzia mwaka 1851 ndipo parishi ya kuzaliwa ilipoandikwa. Kwa jina kama Thomson, ambalo maana yake ni mwana wa Thom na ambalo limeenea Uskoti nzima, pengo hilo la miaka kumi si dogo.

Baada ya madaftari yako mawe. Mwaka 1868 familia ya Thomson ilihamia Gatelawbridge, katika parishi ya Morton, penye machimbo ya mawe mekundu. Machimbo ya mahali hapohapo yaliwahi kukodiwa katika karne ya 18 na mwashi Robert Paterson, aliyeyaacha na kuzunguka makaburini akichonga upya majina ya Waagano waliouawa; Walter Scott alimtumia katika riwaya yake iliyotoka mwaka 1816. Makaburi ya Uskoti humfaa mtafiti kwa jambo ambalo makaburi ya Uingereza hayana kwa kawaida: mke huzikwa kwa jina la ukoo aliozaliwa. Katika vyeti na daftari pia mwanamke aliyeolewa hutajwa kwa jina la baba yake. Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu hapa. Mwana Kupona alibaki binti Mshamu ingawa aliolewa na Bwana Mataka wa Siu, na hakuna aliyewahi kumwita kwa jina la mumewe.

Utaratibu wa kuwapa watoto majina nao hautakuwa mgeni kwa wengi. Mwana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza alipewa la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Wagikuyu wana desturi inayokaribiana sana na hii, isipokuwa kwao binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba. Waskoti hawakuifuata desturi hiyo daima, lakini palipo na watoto sita walioandikwa kwa mfuatano, mtafiti anaweza kukisia majina ya mababu wanne kabla hajawaona popote. Kiswahili kina neno la uhusiano huo, somo, yaani mtu mnayeshiriki jina.

Hadi hapa Kiswahili kimekuwa mwenyeji mwema. Ugumu unaanza katika istilahi za udugu. Katika hati za Kiskoti za zamani kuna neno nevoy, ambalo laweza kuwa mtoto wa ndugu au mjukuu. Kuna oye, lenye asili ya Kigaeli, ambalo ni mjukuu. Na kuna lile neno la kawaida la Kiingereza kwa ndugu wa kiume wa mzazi, ambalo halisemi ni mzazi yupi. Mfasiri anayelikuta neno hilo katika wosia wa mkulima wa Penpont hawezi kuendelea na sentensi bila kuamua. Akiandika mjomba, ametoa ushahidi kwamba mtu huyu ni ndugu wa mama. Akiandika amu, au baba mdogo, amempeleka katika ukoo wa baba na kumpa nafasi kwa umri. Akiandika mpwa kwa nevoy, amedai kwamba kuna dada aliyezaa. Hati yenyewe haikusema lolote kati ya hayo.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kasoro ya Kiswahili, kwamba lugha inalazimisha habari zisizokuwemo. Rai hiyo haikubaliki kirahisi. Kwa mtafiti wa nasaba, neno linalouliza swali lina thamani kuliko neno linalolifunika. Mfasiri aliyekwama kati ya mjomba na amu atarudi kwenye daftari kutafuta mashahidi wa ubatizo, ambao mara nyingi walikuwa jamaa, na jina la ukoo la shahidi laweza kumwonyesha upande. Msomaji wa Kiingereza angeweza kupita bila kusimama. Mahali ambapo jibu halipatikani, maneno ndugu wa mzazi wake yanatosha, hata kama si matamu sikioni.

Upungufu wa kweli upo kwingine. Kiswahili kina ngazi ndefu ya kushuka: mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina. Kwa kupanda, baada ya babu na bibi lugha inabadili mbinu na kuunganisha virai: babu mzaa babu, mama yake bibi mzaa mama. Lugha imejengwa kwa mzee anayewatazama wanaomfuata. Utafiti wa daftari za Uskoti unamweka mtu mahali pa kilembwe na kumtaka atazame juu, naye anajikuta akivuta virai virefu kwa kila hatua. Suluhisho linaloelekea kufaa ni kuligeuza tamko lenyewe: badala ya kusema huyu ni baba wa babu wa babu yake, isemwe yeye ni kining'ina wa huyu. Daftari inabaki ileile, na sentensi inakaa mahali lugha ilipozoea kukaa.

Mbinu hiyo inahitaji kuwe na jina juu, na hapo ndipo Chuma anaporejea. Alizaliwa miongoni mwa Wayao mnamo mwaka 1850, akachukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa mwaka 1861 na Livingstone na wamisionari katika nyanda za mto Shire. Akapelekwa Bombay, akawekwa katika shule ya misheni ya Waskoti, na mwaka 1865 akabatizwa huko kwa jina la James. Alifariki Zanzibar mwaka 1882. Jina la James halikufuata utaratibu wowote wa babu mzaa baba wala babu mzaa mama. Halimrudishi mtafiti kwa mtu yeyote. Chuma, jina alilokuja nalo, ndilo pekee lenye asili ya nyumbani kwao, na limehifadhiwa kwa tahajia ya wageni. Nasaba za Kiyao hufuata upande wa mama, kwa hiyo katika jamii yake mjomba ndiye angekuwa mtu wa kuulizwa kwanza, na ni neno ambalo Kiswahili kinalo tayari. Anayeandaa wasifu wa watu hawa wawili kwa Kiswahili ataijaza sehemu ya Thomson kwa parishi, mwaka na jina la baba. Katika sehemu ya Chuma ni afadhali aandike Myao, bila kuweka neno yatima.