Harufu Iliyo Mizizini



Mtu apitaye gulioni hukuta, baina ya mafungu ya chumvi, sabuni za mche na vitenge vilivyotundikwa, vichupa vidogo vya marashi vimepangwa juu ya turubai, na vijana wamechutama mbele yake, wakikifungua hiki na kukifunga kile, wakijipaka kidogo nyuma ya kiganja na kunusa, kisha wakauliza bei. Swali hilo la bei ni la haki, kwa sababu fedha ya mkulima wa kahawa na ndizi haiokotwi barabarani. Lakini liko swali la pili ambalo sijapata kulisikia likiulizwa, nalo ni hili: harufu hii imetoka katika mmea gani, na mmea huo hivi sasa una hali gani huko ulikotoka?

Yumkini mtaniambia kwamba vichupa vingi vya gulioni havina mmea wowote ndani yake, kwa kuwa ni kazi ya viwanda vya kemikali, nami nakubali. Lakini yako marashi mengine, yale ya asili, ambayo matajiri wa Ulaya, wa India na wa nchi za Ghuba huyanunua kwa bei ghali mno kwa ajili ya kuwa yametoka katika ua, jani, utomvu, gome au mti. Na kadiri watu wanavyozidi kuyapenda, ndivyo wafanyabiashara wanavyozidi kuzunguka duniani kutafuta mimea adimu, hata wakafika katika vilima ambavyo wenyeji wake hawakuwahi kudhani kwamba vina kitu cha kumvutia muuza marashi. Mmoja wa mimea hiyo ni jirani yetu hapa Ngara. Ni msandali wa Afrika, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Rwanda, huuita kabaruka.

Naomba kwanza niwaondolee shaka moja ya maneno, maana nimewasikia hata watu wasomi wakichanganya. Sandali si sandarusi. Sandarusi ni utomvu mgumu uliokuwa ukichimbwa ardhini huko mrima na kupelekwa Unguja, ambako Wamarekani na Wazungu wa karne ya 19 waliununua kwa ajili ya kutengeneza vanishi ya samani. Sandali ni mti wenyewe wenye harufu, wa jamaa moja na ule wa Kihindi ambao vumbi lake na mafuta yake yamesifiwa tangu zama za kale. Msandali wetu hauna umbo la kujivunia: ni kichaka, au mti mfupi, wenye majani ya kijani yasiyopukutika na vitunda vidogo vinavyoiva vikawa vyekundu na kuliwa na ndege, nao hupenda kumea katika miteremko ya mawe na vilima vikavu, mahali ambapo mkulima hapatamani. Mtu anaweza kupita kando yake maisha yake yote akichunga mbuzi, asijue kwamba amepita kando ya hazina.

Hazina hiyo, kwa bahati mbaya, iko chini. Mafuta ya msandali hukaa katika kiini cha shina, hasa sehemu ya chini, na katika mizizi. Kwa hiyo mwenye kuyataka haridhiki na tawi, wala haridhiki na kuukata mti juu ya ardhi ambapo pengine kisiki kingechipuka, bali huuchimba, akaung'oa pamoja na mizizi yake yote, akaacha shimo. Na hapo dhara huzidi kwa sababu mbili ambazo Mwenyezi Mungu alizitia katika maumbile ya mti huu. Ya kwanza ni kwamba msandali una dume na una jike, kila mmoja peke yake, na wachimbaji huyapenda majike kwa itikadi kwamba yana mafuta mengi zaidi. Basi yakiisha majike, madume yatasimama kilimani pasipo mbegu, na ndege hawatakuwa na kitunda cha kubeba kupeleka kilima kingine. Ya pili ni kwamba msandali hauwezi kuishi vizuri peke yake, kwani ingawa majani yake hujitengenezea chakula kama majani ya miti mingine, mizizi yake huitafuta mizizi ya miti jirani, ikajishika nayo na kunyonya humo maji na chumvi za ardhi. Watafiti wa misitu wa Tanzania walioushughulikia mti huu wameona kwamba mche uliopandwa bila mwenzi wa kumtegemea hudhoofika, na kwamba si kila mwenzi anafaa. Kuiotesha mbegu yenyewe ni kazi ya subira, na kuungoja mti uwe na kiini chenye mafuta ni kazi ya miaka mingi.

Mambo haya hayakuanza kwetu. India, ambako Tipu, Sultani wa Mysore, aliutangaza msandali kuwa mti wa kifalme mwaka 1792, na ambako serikali zilizofuata ziliendelea kuushika mti huo mkononi, imeona sandali yake ya porini ikipungua mwaka baada ya mwaka kwa wizi na ukataji, hata wanunuzi wakageuza nyuso zao upande wa Afrika. Kenya ililiona wimbi hilo likija, na mwaka 2007 Rais wa nchi hiyo akapiga marufuku uvunaji wa msandali. Hata hivyo, uchimbaji uliendelea kwa siri katika nchi kavu za Samburu na kwingineko, na shehena zikavushwa mipaka kwa njia za panya, Tanzania ikitajwa miongoni mwa nchi za kupitishia. Ndipo Kenya ikapeleka hoja mbele ya mataifa yaliyokutana Bangkok mwezi Machi 2013, chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na msandali wa nchi sita, yaani Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Uganda na Tanzania, ukaingizwa katika Kiambatisho cha Pili. Maana yake si kwamba biashara imeharimishwa moja kwa moja. Maana yake ni kwamba gogo, mzizi, vumbi au mafuta ya msandali hayavuki mpaka kwenda nje pasipo kibali, na kibali hakitolewi mpaka mamlaka za nchi ziridhike kwamba uvunaji huo hauhatarishi kubakia kwa mti.

Tazameni sasa tulivyowekwa. Ngara imepakana na nchi mbili katika hizo sita, na maji ya Ruvuvu na Nyabarongo hukutana hapa Rusumo, na malori hupita usiku na mchana. Mahali kama hapa, mzizi uliochimbwa alfajiri katika nchi moja unaweza kulala jioni katika nchi nyingine, na ukifika huko haujulikani tena ulitoka kwa nani.

Wako watu wazuri ambao, wakisikia haya, husema: basi marashi ya asili yote ni haramu, tuyaache. Mimi sikubaliani nao. Tuitazame Pemba. Mkarafuu, ulioenezwa Visiwani katika zama za Seyyid Said bin Sultan, huchumwa mashada yake, karafuu zikachambuliwa na kuanikwa juu ya majamvi, na yale makonyo yaliyobaki, ambayo mtu asiyejua angeyafagia akayatupa, hupelekwa katika Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, Chake Chake, yakakamuliwa mafuta kwa mvuke. Na mti ulioyatoa bado umesimama shambani, ukingoja msimu mwingine. Kadhalika asumini, rehani na langilangi ambazo mabibi wa pwani hufungia kikuba: ua likichumwa leo, kesho kutwa kuna ua jingine. Hata Grasse, mji wa Ufaransa ulio mashuhuri kwa marashi, UNESCO ilipouingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2018, haikutaja kuchanganya manukato peke yake, bali na kilimo cha mimea ya marashi pia. Tofauti kubwa katika kazi hii ni baina ya harufu inayorudi na harufu inayochukuliwa mara moja, na kila mnunuzi mwenye insafu anapaswa kuijua anayoinunua ni ipi.

Lakini insafu hiyo hiyo inanilazimu kusema jambo la Visiwa vya Komoro, ambavyo ni mashuhuri duniani kwa mafuta ya langilangi. Huko miti hukatwa vilele ikawa mifupi ili wachumaji wayafikie maua alfajiri, na ua lenyewe halina hatia yoyote. Lakini mitambo ya kukamulia huwashwa kwa kuni saa nyingi, na kuni hizo zimekula misitu ya visiwa hivyo. Kwa hiyo atakayekuja kwetu kesho na habari njema ya kupanda mchaichai au mkaratusi wa mafuta, tumpokee kwa heshima, tumkaribishe kiti, kisha tumuulize jiko lake litawaka kwa nini.

Sisi tuna haki ya kuliuliza hilo kuliko watu wengi. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka Aprili 1994, watu takriban 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda usiozidi siku moja wakiikimbia vita, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikasimama mahali palipokuwa na nyasi na miti. Hatukumnyima mwenye njaa kuni za kupikia, na Mungu atulipe kwa hilo. Lakini tuliviona vilima vikivuliwa nguo mbele ya macho yetu, na tunajua ni miaka mingapi kilima huchukua kujivika tena. Watu waliokwisha kuona hayo kwa sababu ya dhiki hawapaswi kuyaona tena kwa sababu ya manukato.

Kwa hiyo nawaomba wenye mashamba ya mawe, yale mnayosema hayafai kitu, mwende ofisi ya misitu ya wilaya mkaulize habari za miche ya msandali na ya miti ya kuusindikiza, muipande pamoja, dume na jike, mkijua kwamba mnawapandia wajukuu. Nawaomba walimu wawapeleke wanafunzi kilimani wakaujue mti huo kwa jani lake na kwa kitunda chake, maana mtoto asiyeujua hawezi kuulinda. Na akija kwenu mgeni na mizani na magunia, akasema ananunua mizizi kwa kilo, mwambieni awaonyeshe mambo mawili: kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu chenye jina lake, na shamba alilopanda miche ya kufidia anayoitaka. Akikosa, msimuuzie hata mzizi mmoja, na kabla jua halijachwa, habari zake zifike kwa mtendaji wa kata.