Binti, Shamba na Kiwanda

Mwaka 1912 huko London ulichezwa mchezo wa mwanamke aitwaye Githa Sowerby, jina lake "Rutherford and Son". Ndani yake mwenye kiwanda cha vioo amfukuza binti yake kwa kuwa ampenda msimamizi wa kazi. Msidhani mambo hayo ni ya Uingereza tu. Jirani zetu wa Kenya wanao mchezo wa namna hiyo, nao ndio nitakaowasimulia.

Mchezo huo ni "Ngaahika Ndeenda", maana yake, Nitaolewa Nikipenda. Waliouandika ni Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mwaka 1977 ulichezwa katika kijiji cha Kamĩrĩthũ, karibu na Limuru. Wakulima na wafanya kazi wa viwandani walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa kutosha watu 2,000, tena wakayasahihisha maneno ya mchezo wakati wa mazoezi.

Kisa chenyewe ni hiki. Kĩgũũnda ni kibarua wa tajiri Kĩoi. Mali yake ni eka moja na nusu, na hati yake ameitundika ukutani. Binti yake, Gathoni, alipendana na mwana wa tajiri. Siku moja Kĩoi na mkewe walikuja kuwahimiza wazee wale wafunge ndoa kanisani. Kĩgũũnda akadhani hiyo ni njia ya posa. Akaweka shamba rehani, akakopa benki, akanunua vitu vya arusi. Kumbe Gathoni ana mimba, na yule kijana akamkana. Baba alipokwenda kudai haki alifukuzwa kazi. Deni likamshinda, shamba likapigwa mnada, na Kĩoi akalinunua. Matajiri walikuwa wakilitamani tangu zamani, wapate kujenga kiwanda cha dawa ya wadudu pamoja na wageni.

Novemba 1977 serikali iliupiga marufuku mchezo huo. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila hukumu, akakaa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 ukumbi ule ulibomolewa.

Lakini litazameni jina la mchezo. Lasema nitaolewa nikipenda, bali Gathoni hana shamba wala kazi ya kumwezesha kulisimamia neno hilo. Kwetu Ruanda, nyumba nyingi hutegemea kahawa. Mama na binti huchuma na kuanika, bali hati huwa mkononi mwa baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Basi, mzee, kabla hujaitoa hati ukutani, waite mkeo na binti zako, waelezeni deni ni la nini na litalipwaje. Nanyi wanafunzi, ulizaneni: Je, lau Wangeci, mkewe Kĩgũũnda, na Gathoni wangalikuwa na sehemu yao katika shamba lile, mambo yangalikwendaje?